Herufi Moja Katika Jina la Tordoff

Ndugu zangu katika Bwana, mimi ni Enid, dada mdogo wa Clifford Haigh, na kabla hajatutoka alinisihi niyasome maneno haya taratibu, hasa majina, kwa hiyo mnivumilie.

Clifford alizaliwa hapa Skelby tarehe 14 Februari 1945, mtoto wa kwanza wa Arnold Haigh, mchimba makaa, na mama yetu Hilda, akabatizwa katika kanisa hili, akasoma shule ya kijiji kisha sekondari mjini Barnsley hadi Julai 1961. Baba, ambaye kifua chake kilikuwa kimeshaharibika, alimwambia, "Shimoni huingii wewe, tafuta kazi ya juani," naye akaajiriwa na gazeti la jioni, akaanza na habari za mazishi na mashindano ya maua.

Alhamisi tarehe 9 Novemba 1967 paa la mgodi liliwaangukia ndugu wawili, Len na Ken Tordoff, mmoja akafa, mwingine akapelekwa hospitali, na Clifford akakimbilia kibanda cha simu kumsomea habari mpiga chapa wa ofisini, simu ikikwaruza, na kwa haraka hakulitaja jina herufi kwa herufi, hivyo gazeti la saa kumi likatoka likisema aliyekufa ni Ken. Mama yao, Bibi Ada, alikuwa ameshinda Doncaster kwa dada yake, hakuna aliyempata kumpa habari, akanunua gazeti aliposhuka kwenye basi, akamlilia Ken palepale, kisha akapita nyumbani kuchukua pijama za Len na kuzipeleka hospitali. Aliyemkuta kitandani ni Ken, akamtazama, akasema, "Wewe? Len wangu yuko wapi?"

Masahihisho yalichapwa kesho yake, mistari miwili, lakini uso ule wa mama yake Ken alikuwa ameshauona.

Tarehe 6 Juni 1970 Clifford alimwoa Maureen Sugden hapahapa, na mchungaji alipotaja jina la bibi harusi, Clifford akalitaja tena herufi moja moja, watu wakacheka, Maureen akamwambia, "Ndiye mimi, Cliff, endelea," ila mimi niliyesimama karibu niliona kwamba yeye hakucheka. Mungu aliwajalia Judith na Stephen.

Mwaka 1974 alihamia redio, ambako hakusoma jina la marehemu bila kuwapigia kwanza wa nyumbani kwake, mwaka 1983 akaingia televisheni mjini Leeds, na kuanzia 2001 hadi alipostaafu 2010 alihariri habari za mtandaoni. Kila Novemba alimtembelea Ken, naye Ken alikuwa akimfungulia mlango na kusema, "Ingia, bwana, marehemu kashabandika birika," na Clifford hakuweza kucheka hata mara moja. Maureen anasema alikuwa akitaja herufi usingizini.

Mwaka 2009 magazeti ya zamani yaliwekwa mtandaoni, ukurasa wenye kosa ukiwamo, wa masahihisho haumo, na mjukuu wa Ken alipoandika jina la babu yake akakuta imeandikwa kwamba alikufa 1967. Clifford aliandika barua kumi na moja kwa wenye gazeti, ambalo lilikuwa limeshauzwa mara tatu, asijibiwe. Aliniambia, "Zamani, Enid, gazeti la jana lilifungiwa chipsi, likaisha. Hili haliishi."

Aliugua mapafu tangu Februari 2023, akafariki tarehe 3 Oktoba akiwa na miaka 78. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi yake, majirani waliotuletea supu, na wenzake wa magazeti, redio na televisheni.

Sasa nasoma alichoniachia. Aliyefariki tarehe 9 Novemba 1967 ni Len Tordoff, L, e, n. Ken Tordoff, K, e, n, hakufa, amekaa benchi la tatu. Ken, mama yako aliingia wodini akiamini ameshakuzika moyoni, kwa sababu mimi nilimwambia hivyo. Alikuwa anauliza, hakuwa anachagua kati yenu wawili. Kosa ni langu, Clifford Haigh.

Lala sasa, kaka yangu, mikononi mwa Bwana, anayetujua kila mmoja kwa jina lake.