Cheti Karibu na Dari

Mjomba: Haloo! Nani mwenzangu?

Mpwa: Mimi, mjomba, mpwa wako. Shikamoo.

Mjomba: Marahaba, marahaba! Mbona namba ngeni?

Mpwa: Ya mlinzi wa hapa kliniki, kaniazima. Salio lake lenyewe dogo—

Mjomba: Basi sema upesi. Usaili umekwendaje? Kazi ya mapokezi umepata?

Mpwa: Mtandao unakwaruza, mjomba.

Mjomba: Mimi nakusikia vizuri kabisa. Umepata?

Mpwa: Bado.

Mjomba: Yale majibu tuliyokariri wiki tatu, umeyatoa?

Mpwa: Yote.

Mjomba: Wakasemaje?

Mpwa: Walikuwa watatu. Mama mkuu wa kliniki akaniuliza, "How come you are late?" Nikamjibu nimekuja kwa miguu.

Mjomba: Sawasawa! "How" ni kwa njia gani. Si nilikufundisha?

Mpwa: Kumbe alikuwa anauliza kwa nini nimechelewa.

Mjomba: Walicheka?

Mpwa: Kidogo tu.

Mjomba: Kidogo kiasi gani?

Mpwa: Mmoja alitoka nje, akarudi anafuta macho. Hiyo ni mwishoni, wakati wa kuaga. Nilisimama, nikainama, nikasema ile yetu, "I remain your obedient servant."

Mjomba: Mama yangu! Mwanangu, ile ni ya kufungia barua—

Mpwa: Hukuniambia ni ya barua.

Mjomba: Sikukuambia. Hata mimi sijui kwa mdomo wanaagana vipi.

Mpwa: Ah, mjomba, acha utani! Sikiliza, mambo hayajaharibika. Wamenijaribu kwenye kompyuta, mama mkuu kapenda. Kasema nirudi kesho saa mbili asubuhi, ila Kiingereza nikinyooshe. Akauliza nani kanifundisha.

Mjomba: Ukamwambia?

Mpwa: Nilijifanya sijasikia.

Mjomba: Umenisitiri.

Mpwa: Si hivyo—

Mjomba: Umenisitiri, mwanangu.

Mpwa: Nimekosea mimi, nimekariri kama kasuku. Nakuja kwako sasa hivi, tuanze upya. Wewe si una cheti ukutani, bwana?

Mjomba: Umewahi kukisoma?

Mpwa: Kiko juu mno, karibu na dari.

Mjomba: Nilikitundika juu makusudi. Ni cha mahudhurio. Miaka minne ya shule ya jioni sikukosa hata siku moja, natoka bohari na vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Mtihani nilifanya mara tatu. Mara tatu zote—

Mpwa: Mtaa mzima wanakuita Bwana Kamusi.

Mjomba: Na mimi naitika.

Mpwa: Sasa mimi kesho naingia mle na nini, mjomba? Wakinicheka tena sirudi, nakuapia.

Mjomba: Yule mpangaji wangu wa chumba cha uani, mwalimu. Yeye Kiingereza anakijua hasa.

Mpwa: Si ndiye hamsalimiani?

Mjomba: Mwaka sasa. Alinisahihisha barazani mbele ya watu. Kwa adabu kabisa, tena kwa sauti ndogo. Nikamwambia mpangaji hamfundishi mwenye nyumba.

Mpwa: Uh! Mjomba nawe! Basi nikifika nitamwomba mwenyewe.

Mjomba: Hapana. Usikate. Navaa ndala.

Mpwa: Salio la watu, mjomba, mlinzi kanikodolea macho—

Mjomba: Usikate, nimesema! Nataka usikie. Navuka uani... Hodi! Hodi, mwalimu!... Ndiyo, ni mimi. La, la, hujakosa kitu. Kaa tu.

Mpwa: Mjomba, simu inalia tiii, inakatika—

Mjomba: Mwalimu, nina mpwa wangu, ana usaili kesho asubuhi. Nilikuwa naomba umsaidie Kiingereza jioni hii. Mtoto ana akili, ila amefundishwa vibaya na mtu mmoja hivi, mzee mmoja wa— Ni mimi, mwalimu. Mzee mwenyewe ni mimi.

Mpwa: Anasemaje? Mjomba, kasemaje? Haloo? Haloo—