Shukrani kwa Ukumbi Uliokaa Majini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi; Ndugu Mkurugenzi; wakuu wa idara, kwa kufuata ukubwa wa viti vyenu; wafanyakazi wenzangu mliosimama nyuma kwa kuwa viti vimeishia kwa wakubwa; shangazi yangu, uliyekaa mbele bila kualikwa mbele; na wewe ufa, uliye ukutani nyuma ya Mwenyekiti: hamjambo nyote.

Nimeombwa, siku hii ya kustaafu kwangu, niseme machache kuhusu safari yangu katika elimu ya udongo na ardhioevu. Nimeombwa pia yawe matamu. Kwenye machache nitajitahidi.

Udongo sikuuchagua. Alama za udaktari nilikuwa nazo, lakini mlango wa chuo enzi zile ulitaka alama pamoja na mjomba, na wajomba zangu wote walikuwa wanashona viatu. Karani akanitazama, akasema, "Imebaki udongo, dada. Huko hakuna msongamano." Nikachukua. Nilipofika nyumbani, shangazi huyuhuyu, aliyekuwa akiuza mitumba ili nisome, akashika kiuno: "Yaani nimekusomesha kote huko ukachezee matope? Si ungebaki hapa uyachezee bure!"

Nilipoajiriwa, mabwana wenye viatu vinavyong'aa wakanikabidhi kinamasi cha nyuma ya taasisi, kwa heshima zote, maana hakuna mwingine aliyekitaka. "Mama Matope, hiyo ndiyo himaya yako." Nikaingia na keekee yangu ndefu ya kutobolea ardhi, nikachimba. Juu, udongo mweusi. Sentimita arobaini chini, wa kijivu wenye madoa ya kutu. Nikauponda vidoleni, nikaunusa: yai viza! Ndugu zangu, hapo ndipo nilipopenda. Madoa yale hayatokei mpaka maji yapande, yashuke, yapande tena, mwaka baada ya mwaka. Jua liwake litakavyo, udongo hausahau maji. Nikaelewa pia kwa nini mtaa wa bondeni ulikuwa haufuriki: kinamasi hiki kilikuwa kikiwanywea mvua yao yote, na hakijawahi kudai posho.

Kisha taasisi yetu tukufu ya udongo ikataka ukumbi. Je, ilimuuliza mtaalamu wake wa udongo? Jamani, tusisumbue wataalamu! Wapimaji waliletwa kiangazi. Nikamuuliza mkuu wao kwa nini wasingoje mvua.

"Mama, wakati wa mvua gari linakwama."

"Linakwama wapi?"

"Hapa hapa."

Akainama, akaandika: eneo ni kavu na imara.

Basi tukamwaga kifusi mita mbili juu ya nusu ya kinamasi, tukasimamisha ukumbi huu, tukakata utepe, tukapiga makofi. Ufa ule nimekuwa nikiupima, kwa mapenzi tu. Mwaka juzi upana wake ulikuwa milimita saba. Mwaka jana, kumi na mbili. Leo asubuhi, kumi na tisa. Mwenye kujua hesabu aendelee mwenyewe, ila asiegemee ukuta. Na maji yaliyokosa pa kukaa yalikwenda wapi? Yalishuka bondeni, yakaingia kwa shangazi bila kubisha hodi. Mvua zilizopita, mwanamke aliyenisomesha alilala juu ya meza.

Shangazi, kaa kwanza. Najua una la kusema. Sijamaliza.

Sasa nusu ya kinamasi iliyobaki imeonekana inafaa kuegeshea magari. Hongereni kwa maono. Kimepungua kitu kidogo tu: saini ya mtaalamu wa ardhioevu, ambaye ni mimi mpaka ofisi ifungwe leo. Bila saini hiyo maombi ya kibali yanaanza upya, na utaratibu unadai vipimo vya msimu wa mvua, ule msimu mbaya wa magari kukwama. Ndiyo maana nimeguswa sana na zawadi yangu. Wengine walistaafu wakapewa saa ya ukutani. Mimi nimepewa kalamu ya dhahabu. Na Ndugu Mkurugenzi, kwa ukarimu wake, aliniinamia pale mezani kabla keki haijakatwa, akaninong'oneza: "Mama, ijaribu basi. Tumalize lile jambo letu, uondoke kwa amani."

Nimeijaribu, Ndugu Mkurugenzi. Inateleza vizuri ajabu. Fomu yako iko chini ya sahani yako, imeandikwa: "Sikubali. Pimeni wakati wa mvua." Wino nimeumwagia maji kuhakikisha. Hautoki.

Shangazi, sasa unaweza kusimama. Twende nyumbani, matope uliyonisomeshea leo yamelipa.

Nawashukuru wote kwa masikio yenu na uvumilivu wenu. Mkitoka, tafadhali tumieni mlango wa kushoto. Wa kulia unakwama.

Hapa hapa.