Warudisheni Ng'ombe wa Lalago

Sogeeni wanangu, Maige na wewe Luhende, na hiyo redio izimeni, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kushindana na redio.

Shamba la mpunga gawaneni mnavyojua, mna akili zenu. Kinachonikaba mimi si shamba, ni wale ng'ombe walioletwa kutoka Lalago, waliolala zizini mwetu tangu juzi. Luhende, umepokea mahari ya binti yako Kwandu! Mtoto wa miaka kumi na moja! Nikikuuliza unanijibu mimi mama yako, "Mayu, mwili umeshakua, ameshavunja ungo, nisubiri nini?" Loo! Tangu lini mwili ukawa cheti cha kuzaliwa?

Alizaliwa hana hata kilo mbili, mama yake yu hoi, nikamfunga mimi kifuani kwa khanga, ngozi kwa ngozi, nikawa nalala nimekaa. Nyanjige wako, Maige, alizaliwa msimu uleule wa kuvuna pamba, jitoto la kilo nne. Leo Nyanjige hana dalili yoyote, anakimbizana na mbuzi, na Kwandu ndiye aliyewahi. Kliniki walinieleza, nikawaeleza ninyi, mkacheka: baadhi ya wasichana wanaozaliwa wadogo kisha wakanenepa haraka huwahi kubalehe, na wakiwahi huacha kurefuka mapema. Mkulima wa pamba gani asiyeelewa hilo? Mche ulioteswa na jua ungali mchanga hutoa maua ukiwa mfupi, na hakuna anayechuma maua akasema amevuna. Kuwahi si kukomaa, Luhende! Kwandu bado analala na mdoli wake wa matambara. Akibeba mimba na nyonga zile, mtamzika. Nimesema mpaka nimechoka, kama nasemea ukuta. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila hapa guu litakalovunjika si lako, ni la mtoto, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka nashindwa kufa kwa amani.

Mitamba yangu miwili ni ya Kwandu, imsomeshe mpaka amalize, na mwanamume yeyote asiiguse. Mimi nizikeni kando ya baba yenu, msinipeleke mbali.

Maji... nipeni maji kidogo.

Maige, Mungu akuzidishie, wewe na wote wa nyumbani mwako. Luhende, kitindamimba wangu, mkono wangu huu hapa, nataka kukubariki, moyo unataka sana. Lakini siuweki kichwani pako hao ng'ombe wakiwa humu. Nenda ukafungue zizi, wapelekwe kwao. Nenda, ng'wana wane, mwanangu... mkono unachoka... usikawie.