Meza Kuu Nyuma ya Kamba

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi; Mzee Nikodemu, mwenye shamba hili; walimu wetu, shikamooni; wazazi mliotoka Rusimbi, Kibirizi na hapa Simbo, nawasalimu kwa Kiha, mwakeye; nanyi wenzangu wa klabu ya roketi:

Naitwa Spesiosa, wa kidato cha tatu. Mniwie radhi. Hotuba hii ilikuwa ya Mwalimu Rozalia, mlezi wetu. Amekwenda msibani Kasulu, akaniachia kipaza sauti na ufunguo huu nilioushika. Usipochomekwa kwenye kisanduku cha betri, roketi ile pale haiwaki.

Mheshimiwa, roketi yetu ni bomba la karatasi ngumu na mabawa ya plastiki. Ukiitazama utadhani ni kitu cha kuchezea. Lakini ndani yake mna baruti, na baruti haijui mchezo.

Mwezi uliopita tulikuja hapa kufanya jaribio. Tulimwekea Mwalimu kiti mbele kabisa, tukakitandika kitambaa cheupe, maana mkubwa hakai nyuma ya watoto. Kwa bahati, Mzee Nikodemu alimwita pembeni wasalimiane, na salamu za Mzee, kama mjuavyo, hazina haraka. Mwenzetu Barutwanayo akabonyeza swichi. Upepo ukaisukuma roketi kabla haijapanda, ikalala, ikapita juu ya nyasi ikifoka moto na kutoboa mgongo wa kile kiti.

"Mwalimu nusura aende mwezini!" akasema Barutwanayo.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliingiza kidole kwenye lile tundu. Lilikuwa usawa wa moyo.

"Nani aliniweka hapa?"

"Ilikuwa heshima, Mwalimu," alijibu mwenzetu Shadia.

"Basi mkiniheshimu, niwekeni mbali."

Ndipo tukapata ufunguo huu, na ile kamba nyekundu mnayoiona. Wanafunzi wote wako nyuma yake. Wazazi wetu wako nyuma yake. Hata mbuzi wa Mzee Nikodemu wamefungwa nyuma yake. Je, ni nani aliye mbele ya kamba? Ni meza kuu peke yake, na maua yake, na maji yake ya chupa.

Haikuwa dharau, Mheshimiwa. Tumezoea kwamba mgeni hukaa mbele. Asubuhi niliomba tuihamishe meza, nikaambiwa, "Wee Spesiosa! Diwani akae nyuma ya mbuzi? Watu watasemaje?" Tangu hapo nimekaa na swali langu: watu watasemaje tukimrudisha mgeni wetu nyumbani akiwa na tundu kama la kile kiti?

Najua ratiba imechelewa. Najua pia kwamba mtoto hamwinui mkubwa kitini, na mama yangu, aliyekaa pale, ameshainamisha uso. Lakini upepo wa leo unatikisa michikichi kuliko ule wa siku ile, na ufunguo uko mkononi mwangu. Sitauchomeka mpaka kiti cha mwisho kivuke kamba.

Barutwanayo, Shadia, njooni tubebe meza. Mheshimiwa, chupa yako ya maji nitaileta mwenyewe.

Wakubwa zangu, asanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa, kwa heshima zote, naomba na miguu.