Mjomba Hewa Anaaga: Miaka Thelathini na Mmoja ya Kufungua Madirisha ya Watu

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa ya kutoka kazini itakapogonga, Kitengo cha Afya ya Makazi kitaagana na mtu aliyekitumikia kwa miaka thelathini na mmoja. Kwenye faili lake ana jina refu na cheo kirefu zaidi. Sisi, pamoja na nusu ya jiji, tunamwita Mjomba Hewa. Jina hilo lilitaka kumponza mwaka ule wakaguzi walipokuja kusaka watumishi hewa, wakaambiwa getini kwamba wa hewa yuko mmoja tu, ghorofa ya pili. Walipanda ngazi mbio. Walimkuta yupo kweli, kitambi na yote, kalamu sikioni, akiwaomba wasifunge mlango nyuma yao.

Nimekaa naye ofisi moja kwa miaka kumi na minne, ndiyo maana nimepewa mimi kazi ya kuandika. Nimeambiwa niandike kwa heshima. Nitajitahidi.

Mjomba aliajiriwa akiwa kijana, afisa afya wa kukagua vyoo na mashimo ya taka. Katika kuzunguka huko akagundua jambo lililomnyima raha: watu walikuwa wanaugua vifua ndani ya vyumba visafi. Deki imepigwa, sufuria zinang'aa, kitanda kimetandikwa vizuri, lakini moshi na unyevu havina pa kutokea. Matundu ya hewa juu ya dirisha yamezibwa kwa magazeti, kwa mifuko ya plastiki, na nyumba moja kwa suruali nzima. Kila aliyeziba alikuwa na sababu yake: mbu, vumbi, baridi, redio ya jirani. Mjomba hakumcheka mtu, ila yule wa suruali. Alimwendea mkuu wa kitengo wa wakati ule na kuomba ruhusa ya kufundisha nyumba kwa nyumba. Ruhusa akapewa. Gari hakupewa.

Namna yake ya kufundisha ni yake peke yake. Akikaribishwa ndani hakai. Anasimama katikati ya chumba, anafumba macho, ananusa. Wenyeji wengi walidhani anatafuta harufu ya chakula, wakamletea sahani, na kusema kweli sijawahi kumwona akiikataa. Kisha anatoa mfukoni karatasi ya chooni, anachana kipande chembamba na kukishika mbele ya dirisha. Kikipepea, uso wake unachanua. Kikining'inia tu, anaguna kama fundi aliyeonyeshwa kazi ya fundi mwenzake. Watoto waligombania zamu ya kushika, na mama zao, waliokuwa wamejiandaa kusikiliza hotuba, wakajikuta wanapanda juu ya stuli kuchomoa magazeti wenyewe. Karatasi hiyo alikwenda nayo hata kwenye mikutano ya wakubwa. Mhudumu mmoja wa hoteli alimwona nayo mara mbili, akamhurumia, akamletea maji ya chumvi na sukari bila kuulizwa.

Hapa ofisini hatukupona. Mjomba alifungua madirisha, mhasibu wetu akayafunga, na vita hiyo ilidumu miaka. Stakabadhi ziliruka hadi uani. Mwishowe mhasibu alisalimu amri, akaanza kuokota mawe ya kukandamizia karatasi, na leo meza yake ina mawe mazuri kuliko bustani ya meya. Na msidhani mwalimu wetu ni malaika. Shemeji yetu, mkewe, ametuthibitishia bila kupepesa macho kwamba mtu huyu anayehubiri hewa safi jiji zima hulala amejifunika blanketi gubigubi, kichwa na miguu. Mjomba alipoulizwa alisema hayo ni mambo ya ndani.

Amefundisha kwenye kliniki za wajawazito, shuleni, sokoni na kwenye misiba. Ndiyo, kwenye misiba, chumba kikijaa watu na kufungwa mlango. Aliwakusanya mafundi rangi wa jiji na kuwaomba waache kuyapiga plasta matundu ya hewa ili ukuta upendeze. Wengi waliacha. Aliwashawishi watu wa nyavu watengeneze vipande vidogo vya kuziba matundu, mbu wabaki nje na hewa ipite. Tungeweza kuendelea hivi hadi ukurasa wa nyuma. Lakini ukimuuliza mwenyewe ni lini hasa alianza kuielewa kazi hii, hakutajii hata kimoja kati ya hivyo. Anakutajia fundi cherehani.

Fundi huyo alikuwa mama aliyepanga chumba kimoja katika nyumba ndefu ya wapangaji, na binti yake wa miaka saba mwenye pumu. Cherehani humohumo, kitanda humohumo, na pasi ya mkaa humohumo. Dirisha alilifunga daima, kwa sababu wezi waliwahi kuvuta vitambaa vya wateja kwa kijiti. Usiku mtoto alikuwa anahema kwa mluzi. Kaka yake fundi, aliyeishi mji wa mbali kwenye nyumba yenye uwanja, alijitolea kumchukua mtoto amlee. Mama hakutaka hata kulisikia neno hilo, lakini kifua cha mtoto kilimshinda. Wakakubaliana: shule zikifungwa na mtoto bado hana nafuu, mjomba wake atakuja kumchukua.

Mjomba wetu aliposikia hayo aliivalia njuga nyumba nzima. Aliwafundisha wapangaji wote: majiko yatoke nje, madirisha yafunguliwe. Mwenye nyumba akaweka wavu wa chuma kwenye dirisha la fundi. Pasi ikahamia nje. Wapangaji walitii mpaka wa mwisho, jambo ambalo sisi wa kazi hii tunajua ni la kuandika kwenye kalenda. Mjomba alirudi ofisini anapiga mluzi.

Baada ya wiki alirudi kuwaona, jioni, saa ya mapishi. Jamani. Majiko yote yalikuwa nje kama alivyofundisha, na yote yamepangwa mstari mmoja chini ya dirisha la fundi, kwa kuwa hapo ndipo upenu ulikuwa mpana na mvua haifiki. Na dirisha lilikuwa wazi kama alivyofundisha. Mtoto alikuwa amekalishwa kitandani, mabega yanapanda na kushuka, midomo imepauka. Mjomba alishika kile kipande chake cha karatasi dirishani. Kilipepea vizuri sana, kuelekea ndani.

Mama hakumfokea. Alimwambia tu: "Mjomba, nimefungua. Sasa nifanyeje?"

Mjomba alimbeba mtoto yeye mwenyewe hadi zahanati. Kesho yake aliwaita wapangaji wote uani, akawaambia kwamba wao hawana kosa hata kidogo, kosa ni lake: alifundisha kila chumba kana kwamba kimejengwa peke yake porini. Watu walitazamana. Waliinamisha vichwa, maana hakuna aliyewahi kujiuliza moshi wake unaishia kwa nani, na fundi, kwa upole wake, hakuwahi kulalamika. Kisha mama wa chumba cha kwanza, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akasema basi majiko yahamie pembeni karibu na tangi la maji, na mwenye nyumba atoe mabati. Mwenye nyumba alilia kwamba wanammaliza. Akayatoa. Vijana wakasimamisha nguzo, na fundi mwashi wa chumba cha nyuma akayazibua matundu yaliyopigwa plasta kwenye ukuta wa pili wa chumba cha fundi cherehani.

Tangu siku hiyo Mjomba hafungui dirisha la mtu kabla ya kuizunguka nyumba kwa nje, na kila kijana anayeajiriwa hapa huanzishwa kwa mzunguko huo, jua au mvua.

Shule zikafungwa. Kaka yake fundi akaja Jumamosi na begi tupu la nguo za mtoto. Jumapili alfajiri Mjomba alikwenda kumuaga binti, mkononi paketi ya biskuti, moyoni kama aliyefiwa. Alibisha. Kaka mtu alifungua mlango akiwa ameweka kidole midomoni. Ndani, mtoto alikuwa amelala chali, mdomo umefungwa, anapumua kwa pua kama watoto wengine. Mama yake alikuwa ameketi kwenye cherehani, mikono mapajani. Hakutaka kuiendesha. Kaka yake alinong'ona kwamba basi lake ni la saa mbili na atasafiri peke yake, kwani yeye si mtu wa kumwamsha mtoto aliyelala hivyo. Mjomba alisimama pale mlangoni akisikiliza, na hakukuwa na cha kusikiliza. Anasema alitoka nje akalia, na biskuti akazila zote.

Mjomba, asante. Kwa ajili ya mtoto yule, na kwa ajili ya wengine wengi ambao hawatakujua kamwe, kwa sababu vifua vyao havikuwahi kuugua. Sisi wenzako tunakuombea wewe, shemeji na watoto siku nyingi za afya na furaha. Kapumzike, umefanya kazi.