Brashi na Kisanduku cha Vasseur

Kijiwe chetu kilikuwa mbele ya kibanda cha kahawa cha Mama Hortense, Paris, mtaa wa wachapaji na watengeneza fremu. Asubuhi moja ya mwaka 1852 tulikuwa watatu pale: mimi, mchonga picha kwenye mabamba ya shaba, Fulgence fundi viatu, tuliyempachika jina la Profesa kwa kuwa hakuna asilolijua, na Anselme, mchoraji wa sura za watu, ambaye sote tulimwita Brashi. Ng'ambo ya barabara watu walipanga foleni kwa Vasseur, mpiga picha, na Brashi alikuwa amewakodolea macho.

— Yule wa kofia ya kijani ni mteja wangu! Nimemchora yeye, mkewe, mpaka mbwa wao. Leo hata salamu kaninyima.

— Kwa Vasseur anakaa dakika moja tu, Profesa akamchokoza. Kwako mtu anakaa mpaka anaota mvi.

— Dakika moja, kichwa kimebanwa na chuma kwa nyuma kisitikisike! Hiyo ndiyo sanaa? Jua linafanya kazi yote, yeye anafunua kifuniko cha kisanduku chake tu.

— Mbona nasikia wakubwa wamemtuma akapige picha makanisa ya kale, yasije yakabomoka bila kumbukumbu? nikasema.

Brashi akabamiza kikombe.

— Makanisa hayo nimeyachora miaka kumi na miwili! Mimi nani alinituma?

— Anatumia zebaki yule, Profesa akanong'ona. Mvuke wake unapanda kichwani. Ndiyo maana wateja wanarudi.

— Zebaki si kitu, akasema Brashi. Kila picha inambandua mtu ganda moja la mwili. Ukipigwa mara saba, umebaki kivuli.

— Na jua lenyewe analikamua! Profesa akadakia. Mwaka huu mmeona kiangazi nyie?

— Hatujaona, nikakubali haraka. Na mimi roho iliniuma; mabamba yangu nani angeyanunua tena?

Hapo akaja Pernette, mjane wa Gaspard mwoka mikate. Gaspard alikaa nasi kijiweni miaka minane, tukamzika majira ya baridi. Mkononi alikuwa na picha ndogo ya mumewe, kazi ya Brashi.

— Samahani, shemeji Anselme. Gaspard alikuwa na kovu la moto shavuni. Hapa silioni.

— Nililificha, shemeji. Nilitaka apendeze.

— Alipendeza, nashukuru. Ila leo nimeamka sikumbuki. Lilikuwa shavu lipi?

— La kulia, akasema Profesa.

— La kushoto, nikasema mimi papo hapo.

Tukamgeukia Brashi, aliyekuwa amemkazia macho Gaspard siku nne nzima akimchora. Akafumba macho. Kidole kikapanda kwenye shavu lake mwenyewe, kikahamia la pili, kisha mkono ukaanguka pajani.

Pernette alisubiri mpaka kahawa zetu zikapoa. Mwisho akaifunika picha kwa shali, akatuaga kwa heshima, akaenda zake.