Wayo wa Zablon Werema

Ndugu waombolezaji, marehemu Zablon Werema, ambaye maisha yake yanasomwa na kaka yake Elkana, msomaji asiyehitaji kipaza sauti tangu kuzaliwa, alizaliwa Ntimaru tarehe 14 Machi 1971, akasomea hapo hapo nyumbani, akafuzu ufundi wa maabara mwaka 1994, akaajiriwa na chuo kimoja mjini Homa Bay, na tarehe 8 Agosti 1998 akafunga ndoa na Scovia, wakajaliwa Cephas mwaka 2000 na Bhoke mwaka 2004.

Kazi iliyomjaa kichwani ilikuwa kuchemsha ngozi za samaki aina ya mbuta hadi zitoe ute unaoganda, ubandikwe kwenye vidonda vipone vikiwa na unyevu, lakini ute huo ulichanika kama utando wa uji uliopoa, hivyo mwaka 2019 akaanza kusaga shina la mgomba mpaka nyuzi zake zikawa nyembamba zisizoonekana kwa macho, akazichanganya humo, na bamba lililotoka, hata Elkana, ambaye aliwahi kuangusha fahali wawili kabla ya chai ya saa nne, alilivuta likamshinda, huku Scovia akiuliza, "Baba Cephas, leo unapikia sisi ama paka?"

Alipoulizwa nyuzi zinasagwa mara ngapi, alijibu tu, "Mpaka zikubali," na hakuandika popote.

Ugonjwa wa sukari ulimpata mwaka 2021, kidonda kikamtoboa wayo wa kulia, akajibandika bamba lake mwenyewe, likafunika wayo wote mpaka vidoleni, kidonda kikatulia, lakini figo zikakataa, akafariki hospitalini Migori tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi.

Jumatatu iliyofuata mwenzake wa kazi, Daktari Monari, alikuja kuomba bamba hilo lililokuwa bado mguuni mwa marehemu, kwa kuwa mengine yalikuwa yameisha, na bila hilo la kupima hakuna atakayejua nyuzi zilisagwa kiasi gani, wazee wa boma wakagoma, wakasema anayezikwa amepungukiwa hurudi kutafuta, kisha wakamwachia mjane aamue, naye Scovia akaingia chumba cha maiti mwenyewe, akalibandua polepole, halikuchanika.

Sasa limelazwa ndani ya maji safi Homa Bay, na jana Daktari Monari alipiga simu kusema limefyonza maji likavimba, mistari yote ya wayo wake imejitokeza humo, kisigino na vidole vitano, kama mtu aliyekanyaga sasa hivi, na tangu simu hiyo Scovia anafagia ua, anasimama, anatazama vumbi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliovumilia harufu ya samaki, na wenzake wa chuoni.

Mwisho, Scovia ameomba marehemu asomewe hivi: Baba Cephas, ni mimi nililitoa, si Monari, usisumbue watoto ukiulizia, wayo wako umebaki kazini, wewe pumzika, na iwe kwa amani.